Kisima cha mama mkwe kinanuka petroli, kituo cha mafuta kiko mita 60. Nianzie wapi? (Busia, Uganda)

MkweMwema (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, vijana mambo.

Niko Busia, upande wetu wa Uganda. Mama mkwe wangu ana kisima cha kuchimbwa kwa mkono, futi kama 30, kimejengewa matofali juu na kina mfuniko wa bati. Alikichimba marehemu baba mkwe, na bomba la mjini likikauka mtaa mzima huchota pale. Tangu wiki ya pili ya Januari maji yana harufu. Mwanzo mama alidhani ni jerikeni, labda kuna aliyeazima akatilia mafuta ya taa na kuirudisha kimyakimya. Akabadilisha jerikeni, harufu iko palepale. Jumamosi nikaenda mwenyewe. Nilipofunua mfuniko, kabla hata sijainama vizuri, harufu ikanipiga usoni. Nikateka ndoo nikaiweka juani: juu ya maji kuna utando wa rangi za upinde wa mvua.

Sasa, mita kama 60 kutoka pale, upande wa juu wa barabara, kuna kituo cha mafuta kilichofunguliwa mwaka juzi. Jina sitaji. Malori yanashusha usiku. Hesabu ya moja na moja, au siyo?

Nilichofanya mpaka sasa: nimeita vijana wawili, tumeteka jerikeni 60 na kuzimwaga kwenye mtaro nyuma ya choo ili kisima kijisafishe. Kesho yake harufu ikapungua, siku ya tatu ikarudi na nguvu mpya. Mama anachemsha maji kwa kuamini kwamba moto unaua kila kitu. Jamaa wa roleksi (chapati za mayai) pale nje naye bado anakandia unga kwa maji hayohayo.

Niende polisi, kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa), au nitafute wakili moja kwa moja?

Kijana wa Tororo

Punguza moto kwanza. Ardhi yetu hii nyekundu ina chuma kingi, na kuna vijidudu vinavyokula chuma ambavyo hutanda juu ya maji yaliyotulia. Rangi zake ni zilezile za upinde wa mvua. Chukua kijiti uuguse huo utando. Ukivunjika vipandevipande kama kioo na vipande vikabaki mbalimbali, ni chuma. Ukizunguka na kuungana tena nyuma ya kijiti, hapo ndipo uanze kulia.

MkweMwema

Nimefanya leo asubuhi. Umeungana tena. Nimejaribu mara tatu.

Hajati Bombo

Mwanangu, kabla ya polisi na wakili, mwambie mkweo asichemshe tena hayo maji. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nimestaafu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara. Petroli haifi, inatoka na mvuke, na mama yuko jikoni bila dirisha anaivuta kifuani. Ile benzini iliyomo ndani yake imethibitishwa kuleta saratani ya damu. Klorini nayo haiitoi.

Nunua maji ya bomba hata kama ni jerikeni nne tu kwa siku. Na huyo kijana wa roleksi mfuate kwa miguu yako leo hii, usimtumie salamu.

FundiVisima

Nachimba visima mwaka wa 17 sasa, na minne kati ya hiyo nilikuwa kwa mkandarasi aliyekuwa akikagua bohari za mafuta. Nitaandika kirefu kwa sababu nimeona watu wakiharibu mambo kama haya kwa haraka.

Petroli ikivuja haiendi chini kama jiwe. Inashuka kwenye udongo, nyingine inanata njiani, na ikifika kwenye maji inaelea juu yake kama mafuta kwenye mchuzi. Lakini sehemu yake inayeyuka ndani ya maji, na hiyo huioni. Benzini ndiyo mbaya kuliko zote. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa, Marekani ni 5. Pua inakuja kushtuka kikomo hicho kikiwa kimepitwa mara nyingi sana. Kwa hiyo siku harufu itakapoisha, usitangaze ushindi.

Piga hesabu na mimi. Chukua petroli yenye benzini asilimia 1 kwa ujazo, ambacho ndicho kikomo cha Ulaya. Lita moja inabeba gramu karibu 9 za benzini. Gramu moja peke yake inatosha kufikisha lita 100,000 za maji kwenye kile kikomo cha mikrogramu 10. Hizo ni jerikeni 5,000 za lita 20. Zidisha kwa tisa, na hiyo ni lita moja tu ya petroli.

Zile jerikeni 60 ulizomwaga mtaroni zimerudi chini. Umeyahamisha tu, na pengine umeyasambaza.

Na kwa heri zote, mtu asishuke kisimani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini. Kijana anashuka na ufagio, analegea kabla hajafika kwenye maji, mwenzake anashuka kumwokoa, mnazika wawili. Pampu ya umeme usiweke, sigara usisogeze.

Sasa kuhusu kituo. Kuwa juu ya mlima hakumtii mtu hatiani. Maji ya chini ya ardhi hayafuati barabara, na mara nyingine hata mteremko unaouona kwa macho hayaufuati. Yana mteremko wake. Kuujua unahitaji matundu yasiyopungua matatu, yaliyokaa kwa pembetatu, siyo kwenye mstari mmoja. Unapima maji yako wapi katika kila tundu, unalinganisha. Bila hayo, ukienda kwa wakili utakuwa na hasira na ndoo.

Mzee Kifua Wazi

Mnamtisha bure. Pale kwetu tulimwaga sabuni ya unga pakiti mbili, harufu ikakata.

FundiVisima

Mzee, sabuni inafanya kisimani kile inachofanya kwenye sufuria: inachanganya mafuta na maji. Kilichokuwa kinaelea, ambacho ungeweza kukiteka, sasa kimeingia ndani na kinasafiri. Tafadhali sana.

Pampu Namba Tatu

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kituo kimoja Malaba, siyo hicho chenu. Nina neno kutoka upande wetu wa ukuta.

Tangi likivuja, wa kwanza kujua anapaswa kuwa sisi. Kila asubuhi tunapiga dipu: unashusha kijiti, unasoma urefu, unageuza kuwa lita, unalinganisha na mauzo ya pampu na risiti za lori. Upungufu mdogo upo siku zote. Lori limepigwa jua njia nzima, mafuta yakipoa nyuzi 5 tangini, lita 10,000 zinapungua kama 50 bila kuvuja hata tone. Kwa hiyo ya siku moja haisemi kitu. Unajumlisha ya mwezi. Upungufu ukienda upande mmoja mwezi baada ya mwezi, hapo kuna tundu, au kuna mwizi. Mwombe meneja daftari la dipu. Akikunyima andika tarehe aliyokunyima.

Halafu nakuuliza: hiyo harufu ikoje hasa? Petroli mbichi inachoma pua na ina utamu fulani. Au inanuka kama vanishi, kama kopo la rangi lililosahaulika stoo?

MkweMwema

Nimecheka peke yangu kuona swali lako. Shemeji yangu ni fundi seremala, na siku ya kwanza alipofika alisema, "Nani anapaka vanishi hapa?" Tukampuuza.

Pampu Namba Tatu

Basi msimpuuze seremala. Petroli inayonuka vanishi ni kuukuu. Vile vyepesi vyake vimeshapotea, vimebaki vizito. Kituo cha mwaka juzi hakina petroli ya kuzeeka hivyo.

Pia nakuachia ujanja wa bure. Sisi tuna dawa mbili za kupaka kwenye kijiti. Moja hugeuka rangi ikigusa maji, nyingine ikigusa mafuta. Paka zote mbili kwenye mwanzi mwembamba, ufunge jiwe chini, ushushe taratibu mpaka ndani ya maji, hesabu mpaka thelathini, vuta. Umbali kati ya alama mbili ndio unene wa petroli inayoelea. Hata meneja wa hapo kwenu atakuwa na tyubu. Mwombe vizuri.

FundiVisima

Naongezea. Unene utakaousoma mle tunduni ni mkubwa kuliko ulivyo kwenye udongo, usije ukazidisha kwa eneo la kiwanja na kutangaza lita elfu kadhaa. Na ukitaka usawa wa kweli wa maji, kumbuka petroli inayakandamiza. Ukikuta sentimita 4 za petroli, ongeza kama 3 juu ya mpaka wake na maji, ndipo maji yangekaa.

MkweMwema (wiki tatu baadaye)

Samahani kwa kimya. Yametokea mengi.

Meneja wa kituo. Nilikwenda kifua mbele, na mwenyekiti wa LC1 pembeni. Kijana mdogo tu, akatuwekea viti na kufungua daftari la dipu la miezi 14. Nimekaa nalo saa mbili. Upungufu unapanda na kushuka, hakuna mwezi hata mmoja unaotisha. Akatupa na tyubu mbili za dawa. Nimetoka pale nimenywea, nawaambia ukweli.

Matundu. FundiVisima alituelekeza kwa simu. Tumetoboa matatu kwa keekee ya udongo, futi 28 hadi 30, kazi ya siku tano kwa sababu ile changarawe nyekundu ya juu ni kama saruji. Kila tundu tumeweka bomba la plastiki la inchi mbili lenye nyufa nyembamba tulizokata kwa msumeno, kuanzia juu kidogo ya usawa wa maji hadi chini, ili kinachoelea kisizuiwe nje. Pembeni mchanga mkubwa, juu udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji ya mvua yasiteremke na bomba, halafu kizibo na kufuli.

Tundu A liko upande wa kituo, mpakani kabisa. B liko nyuma ya stoo ya jirani ya kuwekea mbao, upande wa kusini. C liko karibu na pale vijana wanapooshea magari.

Kulinganisha midomo ya mabomba tukakosa kifaa cha wapima ardhi. Shemeji seremala akaleta mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaoonyesha ndani, mita 30. Mnajaza maji, mnatoa mapovu yote, mmoja anashika ncha hii na mwingine ile, maji yakitulia mnaweka alama. Tumekwenda kwa hatua, kigingi hadi kigingi, tukarudi kwa njia nyingine kuhakikisha. Tofauti ya kwenda na kurudi ilikuwa milimita 6. Nilitaka kumbusu.

Majibu, jioni ya kwanza: maji ya B ndiyo ya juu. A yako chini yake kwa sentimita 6. Kisima cha mama sentimita 11. C sentimita 19. A halina harufu, dawa ya mafuta haikugeuka kabisa. B lina petroli inayoelea, sentimita 9. Imetoka kama chai ya rangi.

Yaani inatoka kwenye stoo ya mbao kwenda kwa waosha magari, na mama mkwe yuko katikati ya njia.

Kijana wa Tororo

Stoo ya mbao inavuja petroli? Hii nchi ina maajabu.

Mzee wa Ohio

Kwetu ni Gulu ila niko Marekani mwaka wa 22, na kazi yangu ni hiihii. Muulize mzee yeyote wa mtaa pale stoo ilipo palikuwa na nini zamani.

Huku matangi yaliyosahaulika ndiyo mkate wetu. Kanuni za matangi ya chini ya ardhi zilitoka 1988, wenye vituo wakapewa hadi Desemba 1998 kubadilisha au kufunga. Uvujaji uliothibitishwa tangu miaka ya 1980 umepita 500,000, na mwingi ni wa matangi ya chuma tupu yaliyoliwa na kutu. Mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake vingi mwaka 1996 kwa sababu ya kitu kimoja tu cha kuongezewa petroli, kinachoyeyuka majini kuliko benzini.

Kuna kipimo kimoja kitakachomaliza ubishi. Chukua ile petroli inayoelea, siyo maji, ipimwe risasi, ile metali iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Ikionekana na risasi ya kutosha, mafuta hayo yaliingia ardhini kabla ya hapo, na kituo cha mwaka juzi kinatoka kesini.

FundiVisima

Kwa sampuli ya maji yenyewe: chupa ndogo za kioo za mililita 40, zijazwe mpaka maji yafanye kibonge mdomoni, funga bila povu hata moja, maana benzini hukimbilia kwenye hewa. Barafu njia nzima mpaka Kampala. Kabla ya kuteka toa maji yaliyolala bombani, ujazo wa bomba mara tatu, na uyaweke kwenye pipa. Siyo mtaroni, MkweMwema.

Na pima usawa asubuhi kabla ya waosha magari kuwasha pampu yao ya maji, kisha jioni.

MkweMwema

Asubuhi na jioni nimepima siku sita. Pampu yao ikishinda inafanya kazi, kisima cha mama kinashuka sentimita 4 hadi 5, kisha usiku kinapanda. Walifungua Novemba. Harufu ilianza Januari, kiangazi kikali.

FundiVisima

Basi hadithi yako imekamilika. Petroli ililala pale miaka, imenata kwenye udongo wa chini ya stoo. Kiangazi kimeshusha maji, iliyokuwa imenaswa ikaachiwa ikaanza kuelea, na pampu ikauvuta mteremko upande wake. Waosha magari hawana kosa, lakini maji yao yapimwe haraka, maana wanayarusha hewani siku nzima na wanavuta pumzi humohumo.

MkweMwema (mwezi mmoja baadaye)

Majibu ya maabara yamekuja. Nilimpigia mama mkwe nikamwambia, "Mama, wamekuta risasi." Kimya. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama nimeshawaita wanajeshi. Ilinichukua dakika kumi kumweleza kuwa siyo ya bunduki.

Risasi ipo, nyingi. Benzini ya kisima cha mama: mikrogramu 340 kwa lita. Ya tundu A haikuonekana. Ya waosha magari 21.

Na mzee mmoja wa msikitini, bila hata kufikiri, kasema pale kwenye stoo palikuwa na pampu mbili za mafuta enzi hizo, mwenyewe alihama, pampu zikang'olewa. Matangi hakuna aliyeyauliza. Mwenye stoo kanunua kiwanja 2009, hana habari, na alipoonyeshwa majibu alikaa chini kwenye mbao zake.

Wanasheria wa humu, huyu naye tumfanyeje?

Kalamu ya Mbale

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inabeba kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na ibara ya 39 ya Katiba inampa mama mkwe haki ya mazingira safi. Tatizo lako ni kwamba mchafuzi kahama na mwenye ardhi ni mwingine. Usimgeuze mwenye stoo kuwa adui, unamhitaji afungue geti. Andikeni barua moja, saini yako na yake, kwa afisa mazingira wa wilaya, nakala NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), mwambatanishe vipimo vyote na mchoro wa matundu. Tangi lisifukuliwe kienyeji kabla barua haijajibiwa.

FundiVisima

Na mpangilio wa kusafisha uwe huu, usirukwe. Chanzo kwanza: tangi. Pili kinachoelea, kitekwe au kifyonzwe mpaka kibaki utando. Iliyobaki ndani ya maji wataila vijidudu vya udongoni, wapo tayari, ila wanakosa pumzi. Gramu moja ya benzini inataka gramu 3 za oksijeni, na lita ya maji yenye joto la kwetu inabeba miligramu 8 tu. Maana yake gramu moja inamaliza oksijeni ya jerikeni 18 na zaidi. Ndiyo maana tunapuliza hewa chini kwa mabomba. Kupampu maji na kuyachuja kwa mkaa maalumu kunawezekana, lakini ukiacha chanzo utachuja mpaka wajukuu.

MkweMwema (Septemba)

Wengi mmeniuliza faraghani, naweka hapa.

Tangi limetoka Juni, afisa mazingira na zimamoto wakiwepo. Mabaki yalinyonywa kwanza, likapulizwa hewa mpaka kipimo cha mvuke kikakubali, ndipo likanyanyuliwa. Chuma tupu. Pampu Namba Tatu, hili ni lako: tundu lilikuwa chini kabisa, wima chini ya bomba la kupigia dipu, upana wa sarafu ya shilingi 500. Miaka yote wale watu walikuwa wanakiachia kijiti kigonge palepale.

Udongo uliochafuka umetandazwa juu ya maturubai nje ya mji, unageuzwa kila wiki na kutiwa mbolea ya chumvichumvi. Gharama imegawanywa: mwenye stoo, mwenye pale pa kuoshea magari, na kituo kipya kimetoa mafuta ya jenereta ya kupulizia hewa bila kuombwa. Waosha magari wamehamia maji ya bomba, wananung'unika kwa bili.

Tundu B lilitoka sentimita 9, likaenda 3, likawa utando, na baada ya mvua za Agosti likarudi sentimita 1. Nilivunjika moyo, FundiVisima kasema maji yakipanda na kushuka yanakamua kilichobaki, tuendelee kuteka. Kisima cha mama: 340, kisha 190, sasa 62. Harufu haipo kabisa tangu Julai.

Hapo ndipo pana kazi. Majirani wananusa, hawasikii kitu, wanataka kuchota. Mama mkwe kaweka kufuli mbili, ufunguo kaufunga kwenye ncha ya leso. Juzi jamaa wa roleksi kamwomba jerikeni moja tu ya kuoshea vyombo. Kamwuliza, "Sitini na mbili ni kubwa au ndogo kuliko kumi?"

Tunapima tena Desemba.

Pampu Namba Tatu

Sarafu ya mia tano! Kesho naagiza bamba la kuwekwa chini ya bomba la dipu.